Shanga tumezihesabu, chumvi tumeisahau: njia za misafara zilianza lini?

Ukigusa mjadala wa njia za misafara za Tanzania bara, hasa ile ya Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji, utakuta watu wana jibu lao fupi: kabla ya miaka ya 1800 hapakuwa na njia, palikuwa na pori, wafanyabiashara wa Unguja wakaingia na vitambaa na bunduki ndo biashara ikaanza. Na hilo siyo neno la vijiweni tu, wapo wachimbaji wa mambo ya kale wanaolisimamia na wana hoja, kwa hiyo tusilitupe hivi hivi. Ila mi naona limekaa juu ya kipimo kimoja, na hicho kipimo kinapima kitu kingine kabisa.

Kipimo chenyewe ni shanga za kioo. Zilikuja kwa majahazi kutoka India na kwingineko, haziozi, na siku hizi maabara inasoma kemikali ya kioo ikakwambia shanga imetengenezwa upande gani wa dunia. Sasa Kilwa ukichimba zipo tele, lakini ukivuka kuingia bara ya kati, kwenye tabaka za kabla ya karne ya 18, unapata moja moja au hupati kabisa. Wanauliza, kama watu wa pwani walikuwa wanapanda bara, malipo yao yako wapi? Wanaongeza na hili ambalo ni zito kweli: utajiri wa Kilwa ule aliouona msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 ulitegemea dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, na dhahabu ile kufika Kilwa ilikuja kwa bahari. Mtu anayeletewa dhahabu mpaka bandarini atatembea mpaka ziwa Tanganyika kutafuta nini? Hoja hiyo naikubali.

Lakini angalia kilichoulizwa. Kimeulizwa mali ya pwani ilifika wapi, halafu likatolewa jibu la swali lingine, kwamba watu wa bara hawakuwa na biashara ya masafa. Ndo hapo napokataa, na sababu yangu kubwa ni Uvinza.

Uvinza, Kigoma, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi kali. Miaka ya 1960 watafiti John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, ripoti ikatoka 1968, wakakuta tabaka za majivu, mkaa, mafiga na vigae vya vyungu vya kuchemshia, na tabaka za chini kabisa zinarudi mpaka katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo, yaani miaka kama 1,400 au 1,500 iliyopita. Kilwa yenyewe wakati huo haijawa mji. Watu walikuwa wanachota maji, wanachemsha, wanakausha, na katika nyakati ambazo tuna maandishi yake, karne ya 19, walikuwa wanakuja kutoka mbali wakati wa kiangazi, wanapika chumvi yao kisha wanaibeba kwenda kwao, na ilifika nchi nyingi za kuzunguka ziwa na Unyamwezi.

Jiulize ile ya zamani ililiwa na nani. Mtu anayeishi kwa nafaka na mboga anahitaji chumvi, na chumvi ya majivu ya majani haiifikii ya Uvinza kwa ladha wala kwa wingi, kwa hiyo mwenye nayo anafuatwa. Tena chumvi ikifika inapokwenda inaliwa ikaisha, haiachi hata punje ya kuokotwa na mchimbaji miaka elfu baadaye. Mlaji aliyekaa mwendo wa wiki mbili kutoka Uvinza hataonekana kwenye udongo kamwe, hata kama babu na babu wa babu yake walikula chumvi hiyo hiyo kila mwaka. Kinachobaki ni kule jikoni tu, kwenye majivu na vyungu vilivyovunjika. Na Uvinza haiko peke yake maana Ivuna, upande wa ziwa Rukwa, nako walipika chumvi karne nyingi kabla ya msafara wowote wa pwani. Ukihesabu shanga tu, sehemu zote hizi zinaonekana zimelala, na mimi hilo linanisumbua sana, maana chombo chetu hakioni kitu kilichokuwa kinatembea kuliko vyote.

Chuma ni hivyo hivyo. Jembe likichakaa lilifuliwa upya likawa kisu, kwa hiyo nalo linapotea.

Halafu kuna Sanga, bonde la Upemba, Kongo. Makaburi ya pale, yale ya karne ya 11 mpaka ya 13 hivi, yametoa vitu vya shaba, na baadhi yana kauri, yaani simbi, za bahari ya Hindi, na pale mpaka pwani ni kama kilomita 1,500. Ni chache, ndiyo, na zinaweza kuwa zilipitia kusini, upande wa Zambezi, siyo Tabora. Na sidhani kuna mtu mmoja aliyezibeba safari nzima. Kijiji kilimpa kijiji jirani, jirani akabadilisha kwa chumvi au shaba, zikasogea. Lakini hiyo si ndo biashara ya masafa? Kwanini tukubali kuiita biashara pale tu anapokuwepo kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele, bendera na wapagazi mia tano nyuma? Huku karibu na pwani pia, bonde la Pangani, mtafiti wa mambo ya kale Jonathan Walz alifuatilia sehemu kama Gonja Maore chini ya milima ya Upare, akakuta watu wenye uhusiano na pwani karne nyingi kabla ya misafara ya pembe za ndovu, tena wakitengeneza shanga zao wenyewe za magamba ya konokono. Zile hazihesabiwi sana kwa sababu hazikuvuka bahari.

Ninachokubali ni kwamba msafara mmoja kutoka pwani mpaka Ujiji, wenye mtaji wa pwani na deni la pwani, kabla ya mwishoni mwa karne ya 18 haujathibitishwa. Kilichobadilika karne ya 19 ni kikubwa na cha kutisha, maana pembe na watu wakawa bidhaa kwa wingi ambao bara haikuwahi kuuona. Lakini Wanyamwezi waliobeba mizigo ile hawakujifunza kutembea mwaka 1800. Walijua wapi kuna maji, nani anadai hongo (ushuru wa kupita), mwezi gani mto haupitiki. Hayo watu wa pwani waliyakuta.

Sasa tazama orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia, Tanzania iliipeleka njia hii UNESCO mwaka 2006 kama njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Uvinza haimo. Wapo wanaosema ukiingiza chumvi unapunguza uzito wa mateso ya watumwa, na hofu hiyo naielewa, kumbukumbu ile haipaswi kuguswa hata kidogo. Ila watu waliofungwa minyororo kwenye njia ile walitoka kwenye nchi zilizokuwa na masoko, ujuzi na jirani wa kubadilishana nao, na tukiyaficha hayo tunawaacha waonekane kama hawakuwa na chochote kabla ya kukamatwa.

Na muda haupo. Reli ya SGR ya Tabora–Kigoma inapita Uvinza, na tawi la kwenda Musongati, Burundi, limepangwa kuanzia hapo hapo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na vigae vya kuchemshia chumvi vimo humo bila ubishi, lakini greda haliwezi kutofautisha kigae cha miaka 1,400 na kokoto. Uchimbaji mkubwa wa pale ni ule wa miaka ya 60. Watumwe watu wa idara ya Mambo ya Kale na vyuo vyetu wachimbe upya, wakiwa na vipimo vya sasa, kabla tuta halijamwagwa.