Konseti ya watunzi weusi peke yao, inawainua au inawatenga?

Siku hizi kwenye kumbi za Marekani na Uingereza unakuta sana hizi konseti za muziki wa chemba, yaani ule wa wapigaji wachache, wanne watano hivi bila kondakta wa kuwaongoza kwa mikono, ambapo usiku mzima wanapiga kazi za watunzi weusi waliosahaulika. Kuna wanaoshangilia na kuna wanaokunja uso, na hao wanaokunja uso sio lazima wawe wabaguzi, wengine ni wanamuziki weusi wenyewe wamechoka kuitwa Februari tu, mwezi wa historia ya watu weusi kule Marekani, alafu simu inakaa kimya mpaka Februari nyingine.

Nianze na wanaotetea manake wana ushahidi. Ukisema muziki mzuri utajiuza wenyewe, utaambiwa habari za Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani, na utanyamaza. Huyu mama mwaka 1933 simfoni yake ya kwanza, yaani kazi ndefu ya okestra nzima, ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupigiwa simfoni na okestra kubwa, ungedhani mlango ndo umeshafunguka. Miaka kumi baadaye bado anamwandikia barua Serge Koussevitzky, kondakta wa okestra ya Boston, anamwambia waziwazi ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na anachoomba ni kazi iangaliwe kwa ubora wake. Koussevitzky hakuipiga. Price akafariki 1953, na 2009 watu waliokuwa wanakarabati nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, mti umeangukia paa umelitoboa, wakakuta marundo ya makaratasi yake humo ndani, zikiwemo konseto mbili za vayolini, yaani kazi ambazo vayolini moja inatamba mbele ya okestra. Sasa muziki uliolala kwenye nyumba inayovuja utajiuza vipi wenyewe? Lazima mtu aamue kuutafuta, achapishe nota, awape wapigaji muda wa mazoezi, na konseti yenye mada ndo inampa sababu ya kufanya hivyo.

Upande wa pili nao wana hoja. Chukua watunzi weusi watatu: Saint-Georges alizaliwa Guadeloupe, kisiwa cha Karibiani, 1745 akawa nyota wa Paris, fidla na upanga vyote anavijua, Coleridge-Taylor ni mtoto wa London wa 1875, George Walker kazaliwa Washington 1922. Ukiwaweka meza moja wanafanana nini kimuziki? Karibu hakuna, wameunganishwa na rangi tu. Kwarteti za Saint-Georges, yaani kazi za wapigaji wanne, zilichapwa 1773, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa Ufaransa, kwa hiyo jirani yake halali ni Haydn, mtunzi wa Austria wa enzi hizohizo. Badala yake anaitwa Mozart mweusi, wakati alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa zaidi ya miaka kumi, si ajabu hiyo.

Kinachonikera mimi hasa ni maelezo yanayogawiwa mlangoni, kila kitu ni mateso. Chukua ile kazi ya Price ya nyimbo tano za kienyeji kwa kwarteti ya nyuzi. Humo kuna Swing Low, Sweet Chariot na kuna Calvary, nyimbo za kiroho za watu weusi wa Marekani, sawa, ila kuna na Clementine, wimbo wa kienyeji wa Marekani, kuna na wimbo wa zamani wa Kiingereza Drink to Me Only with Thine Eyes, na zote kazipitisha kwenye kaunta-pointi, sauti nne zinafukuzana na kupokezana. Huyo ni fundi anayeonyesha kwamba anaweza kushika wimbo wowote ule. Ukimtambulisha kama sauti ya mateso ya watu wake na ukaishia hapo, nusu ya kazi umeifuta, na msikilizaji anaondoka na huruma kumbe alitakiwa aondoke anapiga mluzi.

Basi wachanganywe na wengine, ndo jibu wanalolitoa wapinzani, na kwenye karatasi ni zuri. Tatizo nenda kaone wanavyochanganya: mtunzi mweusi anapewa dakika nane za kufungulia, watu bado wanatafuta viti, alafu Brahms, yule mtunzi mkubwa wa Kijerumani, anakula kipindi chote cha pili. Hapo bora hata ule usiku wa peke yao, angalau wanapata nafasi ya kazi ndefu kamili na sio kipande cha kuonjesha.

Kwa hiyo mimi siipingi konseti yenyewe, ila naiuliza swali moja, msimu ujao hilo kundi litapiga tena ipi kati ya hizo, bila lebo, kwenye programu ya kawaida? Kama hakuna hata moja basi ilikuwa shughuli ya picha. Na sio kwamba ni ngumu bana. Kwinteti ya klarineti ya Coleridge-Taylor ya 1895 inasimuliwa ilitokana na mwalimu wake Stanford kusema baada ya kwinteti ya klarineti ya Brahms hakuna atakayeandika kazi ya aina hiyo bila kunukia Brahms, na kijana wa miaka kama ishirini akaandika. Weka kwinteti hizo mbili usiku mmoja, ya Coleridge-Taylor ichukue kipindi cha pili, ya Brahms ifungulie. Wapigaji ni walewale watano, klarineti na nyuzi nne, hakuna hata mtu wa kumwongezea malipo.