Paka wa Sokoke: wa msituni au wa mapajani?

Ukitaka kuwatia ubishi wapenda paka, uliza kama paka wa Sokoke, aina adimu ya pwani ya Kenya, anafaa kukaa ndani ya nyumba. Wapo watakaokuapia kwamba huyu ni mnyama wa msituni tu: hatulii, hushtuka upesi, hapendi kubebwa. Wengine watakuambia hawajapata kuishi na paka anayemganda mtu wake kama huyu.

Hoja ya msitu haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta watoto wa paka kwenye shamba lake la minazi pwani ya Kenya, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke, akawachukua na kuwalea. Wagiriama walikuwa wakimjua paka huyu zamani. Humwita khadzonzo, kwa manyoya yake yanayofanana na gome la mti. Ongeza miguu ya nyuma iliyozidi ya mbele kwa urefu, inayomfanya atembee kama anayenyata, na utaelewa kwa nini mgeni humwona chui mdogo. Lakini sura si damu. Vipimo vya vinasaba vimemweka kwenye ukoo wa paka wa kufugwa, jamaa na hao wanaozurura vichochoroni Lamu. Ndugu yake, basi, ni yule anayesubiri vichwa vya samaki.

Hata hivyo, wanaosema tabia yake ni ya kurithi hawasemi ovyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki walichapisha uchambuzi wa tabia za paka zaidi ya 5,700. Katika aina tatu walizopima kiwango cha urithi, karibu nusu ya tofauti za tabia ilitokana na vinasaba. Sokoke hakuwa mmoja wa hao watatu, ila sioni sababu ya yeye kuwa kando.

Tatizo ni nusu iliyobaki. Mtoto wa paka asiyeshikwashikwa na binadamu kati ya wiki ya pili na ya saba huelekea kuwa mwoga ukubwani, awe wa porini au wa ghorofani. Hapo ndipo mjadala huu hupotea njia: huyu anamsema paka aliyekamatwa porini akiwa mkubwa, yule anamsema aliyezaliwa chini ya kitanda chake, na wote wanadhani wanazungumzia aina moja.

Kuna jingine ambalo wapenda paka adimu hawafurahii kulisikia. Sokoke wa Ulaya walitokana na wachache waliopelekwa Denmark kuanzia 1984, kabla FIFe, shirikisho la kimataifa la vilabu vya paka, halijaitambua aina hiyo mwaka 1993. Kundi likiwa dogo hivyo, tunachokiita tabia ya Sokoke huenda ni tabia ya mababu wanne watano.

Mimi naona pande zote mbili zinamweleza paka yuleyule. Wafugaji husema ni mpandaji asiyechoka, mwenye maneno mengi, anayewashika sana wachache aliowazoea. Wengine wamewaona hata madume wakikaa na watoto wao, jambo ambalo paka shume wa kawaida hana habari nalo. Paka anayewachagua watu wake namna hiyo ndiye atakayejificha mgeni akibisha hodi. Anayeshinda kazini na kurudi usiku hatamwona mapajani. Atamkuta juu ya kabati, na mapazia yameshararuka. Akitaka lazima kumfuga, awachukue wawili.