Corona ilipoingia tuliogopa safari gani hasa?

Aprili 2020 mama mdogo wangu wa Muheza aliacha kwenda kliniki. Ana presha na sukari, kila mwezi alikuwa anapanda basi alfajiri anaenda Tanga mjini anapimwa anachukua dawa anarudi, ila mwezi ule alinipigia akaniambia mwanangu mimi siwezi kukaa siti moja na mtu anayekohoa, bora hii presha nimeshaizoea. Akakosa kliniki miezi minne. Mwezi Juni shemeji yake akafariki Lushoto, na mama mdogo huyuhuyu akapanda Kosta iliyojaa mpaka mlangoni, akaenda kuzika, akalala matangani siku tatu chumba kimoja na wanawake wenzake kumi na kitu.

Hili nimelifikiria sana, maana watu wengi wakiongelea hofu ya ugonjwa na safari wanaongea kana kwamba ugonjwa ukizidi watu wanatulia nyumbani na ukipungua wanatoka. Mimi sikuona hivyo. Mtu anapima ugonjwa na kile atakachokikosa asipoenda, na msiba kwetu haukosekani, usipoonekana utaulizwa miaka na miaka, wakati kliniki hakuna anayekuuliza.

Wanaoitetea hofu wana hoja nzito lakini. Corona mtu alikuwa anaambukiza kabla hata hajajua anaumwa, kwa hiyo aliyeogopa mapema akabaki kwake amewaokoa wengi bila kujua. Na sheria peke yake haifanyi kazi hiyo, kule Marekani wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Goolsbee na Syverson, walifuatilia data za simu mwaka 2020 wakakuta mizunguko ya watu kwenda madukani na kwenye huduma imeshuka kwa pointi 60 za asilimia, na katika hizo amri za serikali zilichangia 7 tu, zilizobaki ni watu wenyewe wameamua. Hata hapa Tanzania hatukufungiwa ndani, na ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena 18 Mei 2020, lakini watalii wakashuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 mpaka laki 6 na kidogo. Kweli wengine walizuiwa na nchi zao, ila mlango wetu ulikuwa wazi na watu hawakuingia.

Upande wa pili ndio unaoniumiza. Hofu haijui ramani. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Liberia, Guinea na Sierra Leone, na watalii wakaanza kufuta safari za Kenya na Tanzania, Korean Air ikasitisha ndege za Nairobi mwezi Agosti, wakati kutoka Monrovia, mji mkuu wa Liberia, kwenda Madrid ya Hispania ni karibu zaidi kuliko Monrovia kwenda Nairobi, tena kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Hispania hakuna aliyeikimbia kwa sababu hiyo. Aliyelipia ni mpagazi wa Kilimanjaro na dereva wa utalii Arusha ambao hawajawahi kumuona mgonjwa hata mmoja.

Halafu kuna hofu ya kile kinachokuja na ugonjwa. Kenya 2020 wapo walioogopa karantini kuliko corona yenyewe, maana mwanzoni ulikuwa unawekwa na unalipa mwenyewe, na Nairobi ilipofungwa Aprili watu wakapita njia za panya usiku. Wengine walibeba jeneza tupu kutoka Nairobi mpaka Homa Bay wakijifanya wanaenda kuzika. Walijua ni safari ipi ambayo hata askari wa kizuizini anaionea haya.

Kwa hiyo mimi sisemi watu wasiogope, nasema hofu inahitaji kuambiwa iende wapi. Tanzania takwimu zilikoma mwanzoni mwa Mei 2020 tukiwa na wagonjwa 509, na baada ya hapo hofu haikuisha, ilihamia kwenye voisi za WhatsApp na maneno ya chinichini, mwaka uliofuata tukawa tunasikia fulani kafariki kwa changamoto ya kupumua basi. Linganisha na Machi 2023, Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, ilipoingia Kagera wizara ikatangaza ni wapi na wangapi wamekufa, mtu wa Mtwara au wa Tanga akajua yeye hana sababu ya kuogopa basi lake.

Mama mdogo alirudi kliniki Agosti. Presha ilikuwa 190 kwa 110, wakamuongezea dawa ya pili ambayo anaimeza mpaka leo. Jirani yake anayetumia ARV alikuwa anapewa za miezi mitatu kwa mkupuo na hakulazimika kupanda basi kila mwezi, yeye wa presha hakuna aliyemwambia kama hilo linawezekana, na kipindi kile chote hakuna aliyempigia simu kumuuliza mbona haji.