Krispi za Leicester nazipenda, lakini za muhogo wa Mtwara zimekosa pakiti tu

Nikiulizwa huku ni krispi gani ninazozipenda kuliko zote, watu hutegemea nitaje Walkers, kwa kuwa naishi Leicester, Uingereza, na Walkers ni za Leicester. Mimi hutaja muhogo. Muhogo wa kwetu Mtwara, uliokatwa mwembamba, ukakaangwa mpaka ukakauka, ukanyunyiziwa chumvi na pilipili. Wala siusemi kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Za huku nimekula za kila aina, zipo ninazozipenda kwelikweli, na baada ya kuzilinganisha bado nasema muhogo.

Nianze na haki yao. Waingereza krispi wanaziweza. Mtoto anakwenda shule na kipakiti cha gramu 25 kwenye chakula chake cha mchana, fundi wa ujenzi anacho chake, na bosi wa ofisi naye anacho. Wapo wanaopaka mkate siagi, wakapanga krispi ndani, wakafunika, wakala, na ni kitamu. Kila ladha ina rangi yake, na watu wanazijua rangi hizo kama sisi tunavyojua jezi za Simba na Yanga. Kwa Walkers, chumvi na siki ni kijani, jibini na kitunguu ni buluu, chumvi tupu ni nyekundu. Kampuni nyingine nyingi kijani na buluu zimezigeuza, kwa hiyo mgeni soma maandishi kwanza, usiamini rangi.

Yangu mimi ni chumvi na siki. Ukali wake unaanzia pembeni mwa ulimi, mate yanajaa, halafu chumvi inafuata. Mtu aliyekulia kwenye embe bichi la chumvi na pilipili hahitaji kufundishwa ladha hiyo, anaifahamu tangu utotoni. Jibini na kitunguu, ambayo Waairishi wanajivunia kwamba kampuni yao ya Tayto ndiyo iliyoanza kuitengeneza mwaka 1954, sikuwahi kuielewa. Inaacha harufu mdomoni mpaka jioni. Ya nyama ya nguruwe siigusi. Ya kamba ina pakiti ya waridi, na nyingi za ladha hiyo hazina kamba hata mmoja ndani, ni sukari, siki na unga wa viungo. Sisi tuliokula kamba wa Mikindani wakiwa wametoka majini asubuhi ileile hatuwezi kudanganyika hapo.

Pringles nazo watu wa nyumbani wanazipenda sana, kopo lake ndilo zawadi ya uwanja wa ndege. Mimi siyo shabiki. Zilianza Marekani mwaka 1968, na hazikatwi kutoka kwenye kiazi: ni unga wa viazi vilivyokaushwa, unachanganywa na wanga mwingine, unakandwa, unapigwa umbo moja. Kampuni yake iliwahi kupambana mahakamani hapa Uingereza ikisema hizo si krispi za viazi, kwa sababu chakula kingi hapa hakitozwi kodi ya ongezeko la thamani ila krispi za viazi zinatozwa, leo asilimia 20. Viazi vilikuwa kama asilimia 42 tu ya mchanganyiko. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba zinatosha kuitwa za viazi, kodi ilipwe. Sheria hiyo imekitaja kiazi kwa jina, na imezitaja kokwa zilizokaangwa au kutiwa chumvi, kama karanga na korosho. Muhogo haikuutaja. Mwenye akili ya biashara hilo aliweke moyoni.

Ninazoziheshimu zaidi ni zile nene, zilizokaangwa na ganda lake, kama Tyrrells. Hizo zilianzishwa na mkulima wa viazi kule Herefordshire mwaka 2002, akiwa na shamba lake, akaona kuuza viazi vibichi hakumlipi, akaamua kukaanga mwenyewe. Walkers nao hawakuanza na kiwanda cha krispi. Henry Walker alikuwa na biashara ya nyama hapa Leicester. Baada ya vita nyama ikawa ya mgao, haitoshi, wafanyakazi wake hawana cha kufanya, na mwaka 1948 wakaanza kukata viazi na kukaanga. Chumvi tu, hakuna ladha nyingine. Buchani hapohapo palipokosa nyama ndipo palipotoka pakiti unazoziona leo kila duka, na Gary Lineker, mtoto wa hapahapa Leicester, akazitangaza miaka na miaka.

Nayasema haya kwa sababu nyumbani tunazitazama pakiti hizi kana kwamba zimeshuka kutoka kwa watu wenye maarifa tusiyoyaweza. Hapana. Ni muuza nyama na mkulima.

Nenda sasa barabara ya Belgrave hapa mjini, upande mzima wa maduka ya Wahindi. Wengi wao wazazi wao walitoka Afrika Mashariki, hasa Uganda, walipofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na wengine Kenya na Tanzania. Walikuja na mabegi yao na ulimi wao. Kwenye rafu zao utakuta krispi za muhogo, pakiti imeandikwa «mogo», za chumvi tupu na za pilipili na ndimu. Ukiitia moja mdomoni unajua umefika. Muhogo unavunjika kwa sauti kuliko kiazi, ni mgumu kidogo mwanzoni halafu unaachia, na utamu wake unakuja mwishoni, baada ya chumvi kuisha. Kiazi hakina huo utamu wa mwisho. Wenyeji ninaowaonjesha hurudia kuchukua bila kukaribishwa.

Mihogo ile haitoki kwetu, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwetu mama mdogo wangu hukaanga pale Chikongola, na hakuna mashine inayomfikia. Anachagua mihogo mitamu, ile michanga isiyo na nyuzi nyingi. Anamenya, anakata duara nyembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili, anaziloweka kwenye maji ya chumvi, anazichuja na kuzitandaza kwenye kanga safi mpaka zikauke juu. Karai likishapata moto anatia kidogo kidogo. Mwanzoni mafuta yanapiga kelele, povu limejaa, maana maji ndiyo yanatoka. Yeye hatazami rangi, anasikiliza. Kelele ikipungua na mapovu yakawa madogo, anaopoa hapohapo, hata kama kwa macho yako bado ni nyeupe. Ukisubiri ziwe za dhahabu umeshaziunguza. Chumvi na pilipili anatia zikiwa bado na mafuta ya moto, ili zishike.

Halafu kazi yote hiyo inaingia kwenye kifuko cha nailoni kinachozibwa kwa moto wa mshumaa.

Hapo ndipo tunapopoteza. Joto la pwani na unyevu wa bahari hauna huruma na kitu kikavu. Siku chache tu krispi zinalegea, na mafuta yanaanza kunuka kwa sababu ya hewa na mwanga. Pakiti za huku zina utando wa kung'aa ndani usiopitisha mwanga wala unyevu, na kabla ya kuzibwa hujazwa gesi ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida. Ndiyo maana zimevimba vile. Mteja wa Mtwara akila krispi ya muhogo iliyolegea, halafu akala ya viazi iliyotoka kwenye pakiti ya kiwandani, anasema viazi ni bora. Amelinganisha vifungashio, amedhani amelinganisha vyakula.

Na tazama viazi vyenyewe vinakotoka. Vya sokoni kwetu vinatoka Nyanda za Juu, Njombe na Makete, safari ndefu ya lori mpaka vitufikie. Muhogo uko kwenye mchanga wa nyuma ya nyumba, Newala, Tandahimba, Nanyamba, na upande wa Lindi pia. Pale Naliendele kuna kituo cha utafiti ambacho watu wake wamehangaika na mbegu za muhogo zinazostahimili magonjwa miaka mingi. Lakini mgeni akifika nyumbani mtoto anatumwa dukani akalete pakiti ya krispi za viazi, na muhogo unaonekana ni chakula cha njaa, cha kuona haya kumwekea mtu mezani. Naomba tuache hilo. Nimeona Mwingereza aliyezungukwa na krispi za kila aina akiuchagua muhogo.

Wapo ndugu watakaoniambia: kusini zao letu la biashara ni korosho, tuongelee korosho. Sawa, tuongelee. Korosho zetu nyingi zinaondoka ghafi, zinapakiwa bandarini kwenda India na Vietnam kubanguliwa, na viwanda vilivyojengwa kusini tangu miaka ya 1970 vingi vilisimama. Korosho ghafi inavumilia. Inakaa ghalani, inangoja mnada, inangoja meli, ikifika ng'ambo bado ni nzima, na anayeibangua huko ndiye anayepata kazi. Muhogo mbichi hauvumilii hivyo. Ukishang'olewa, siku mbili tatu ndani unaanza michirizi myeusi. Ni vigumu mtu kuubeba mbichi kwenye meli kama korosho akakaange kwao kwa faida. Inafaa ukaangwe karibu na shamba, na mkono utakaoukaanga uwe wa mtu wa Nanguruwe au Mingoyo. Ule udhaifu tunaoulalamikia kila msimu ndio unaoilinda kazi ibaki kwetu. Sijaona zao jingine la kusini lenye bahati hiyo.

Chumvi tunayo. Huku pakiti ikiandikwa chumvi ya bahari bei inapanda, na sisi pwani ya Lindi na Mtwara tunaivuna kwa jua. Ndimu tunazo, pilipili mbuzi tunayo. Kinachohitajika ni mashine ya kuziba, karatasi ya pakiti yenye utando, nembo ya TBS, shirika la viwango, na jina litakalosomeka. Hayo ni mambo ambayo kikundi cha akina mama kikiingia ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Mtwara kinaweza kuyaanza. Bei itapanda kidogo kuliko ya kifuko cha mshumaa, ni kweli, lakini pakiti itakayofika Dar es Salaam ikiwa bado inavunjika kwa sauti itapata mnunuzi.

Ladha ya kwanza iwe chumvi tupu, watu waujue muhogo wenyewe. Ya pili pilipili na ndimu. Ya jibini tusihangaike nayo. Atakayeanza, awe Mtwara au Lindi, anitumie katoni ya kwanza, gharama ya kusafirisha ni yangu. Nitaipeleka mwenyewe barabara ya Belgrave, kwa mwenye duka ambaye kila nikiingia huniuliza muhogo wa kwetu ukoje.