Gonga Mara Saba

Kazi yangu ni kuunda apu za simu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwenye nyumba nilipohamia hapa Kahawa West, na ndivyo ninavyomwambia kila tarehe tano akija kubisha mlango. Naandika kodi ya kompyuta ili nilipe kodi ya nyumba. Yeye huyasikia maneno hayo mawili kuwa moja, na hilo moja ndilo analolitaka.

Sasa wacha niseme ukweli. Wiki mbili nzima sijaandika kodi hata mstari mmoja. Nimekuwa nikiuguza mashine.

Aliyenitia katika haya ni Shangazi. Shangazi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na saba, na daftari la chama limeshamwagikiwa chai mara mbili. Aliniita kwake Roysambu, akanipa chapati nne kabla sijaketi vizuri. Shangazi wa Nairobi akikupa chapati nne bila kuuliza kama una njaa, jua kuna kazi ya bei ya jamaa inakuja.

"Nataka kitu cha kuandika michango," akasema. "Na kiingie kwa simu zetu sote."

Wenzake kumi na sita wana Android. Yeye ana iPhone aliyoletewa na binti yake kutoka Marekani, na ile karatasi ya kioo bado hajaibandua.

Mwenye akili zake hapo angebeba chapati aende. Mimi nikamwambia, "Hiyo si shida, Shangazi. Siku hizi unaandika mara moja, inaingia kote." Na si uongo. Kuna hii Flutter, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Unaandika kwa lugha iitwayo Dart, na kazi ileile inageuzwa kuwa apu ya Android na apu ya iPhone. Ila wanaoisifu husahau kukwambia kwamba kabla ya kuandika hiyo mara moja, unasakinisha mara arobaini. Akanihesabia elfu tano za kuanzia. Tukakubaliana Jumapili ya pili, saa tisa alasiri, kwenye mkutano wa chama.

Laptopu yangu niliinunua barabara ya Luthuli mjini, mtumba safi, RAM (memori ya muda) GB 8, betri ya dakika ishirini. Kijana wa duka aliniwekea Windows mwenyewe, na penye jina la mtumiaji, kwa kuwa alikuwa hajui ni nani atakayeinunua, akaandika: Mteja Mpendwa. Mimi nikaona ni heshima. Mwaka mzima kila nikiwasha mashine inaniita Mteja Mpendwa, nafurahi.

Basi nimeweka Flutter, nimeweka Android Studio ya kujengea apu za Android, nimeamrisha ijenge. Ikakataa. Ikasema haioni folda ya C:\Users\Mteja. Nikaenda kutazama, kweli haipo. Iliyopo ni Mteja Mpendwa. Nikadhani nimekosea mipangilio, nikafuta vyote, nikapakua upya. Bando la siku tatu likaisha saa nne asubuhi. Ikarudi na wimbo uleule: Mteja haonekani.

Siku tatu nilihangaika kabla sijagundua. Ni ile nafasi! Kati ya Mteja na Mpendwa kuna nafasi, na baadhi ya vifaa vya kujengea apu vikifika kwenye nafasi vinadhani jina limekwisha. Vinasimama pale mlangoni kwa Mteja, Mpendwa amebaki nje. Maelezo ya kusakinisha yanaonya waziwazi kwamba folda isiwe na nafasi katika jina lake, lakini nani husoma maelezo? Nikabadilisha jina kwenye mipangilio, na folda isibadilike ng'o, maana Windows hubadilisha jina la kuitwa tu, folda inabaki na la kuzaliwa. Mwishowe nikafungua akaunti mpya, nikaiita "mimi". Herufi nne, hakuna nafasi, hakuna mapenzi.

Sasa Flutter ina daktari. Sitanii. Unaandika flutter doctor, naye anakagua mashine yako nzima na kukuletea majibu, mstari kwa mstari: penye afya alama ya vema, penye wasiwasi alama ya mshangao, palipokufa alama ya kosa. Mimi nilipata vema mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuthibitisha kwamba nina Windows.

Lakini ni daktari gani huyu! Anapima tu, hatibu. Anakwambia leseni za Android hujazikubali, kakubali. Naenda, naletewa masharti kurasa na kurasa, nabonyeza y, yanakuja mengine, y, mengine, y. Hata mahari ya dada yangu haikukubaliwa kwa kasi ile. Narudi kwa daktari, ananiambia sasa kuna kifaa kingine kinakosekana. Kwani hukukiona asubuhi, daktari?

Halafu Java, programu ambayo vifaa vya kujengea Android huitegemea. Binamu yangu wa Kilimani, ambaye pia ni mtu wa apu, alinipa mradi wake wa zamani nianzie hapo, eti ni wa kufungua na kutumia, kwake unafanya kazi. Nikaufungua. Ukaniambia faili za namba 61 haziungwi mkono. Sitini na moja ya nini? Mfanyakazi wa serikali hapa Kenya hustaafu akitimiza 60, nikadhani Java yangu imepitisha mwaka mmoja. Kumbe ni hesabu: ile namba unaitoa 44, unapata toleo la Java. Sitini na moja toa arobaini na nne, kumi na saba. Mimi nina Java 17, mradi wa binamu una kifaa cha ujenzi kiitwacho Gradle, cha zamani kisichoijua 17. Nikapandisha Gradle, kikalalamika kile kipande chake cha Android. Nikapandisha kipande, zikalalamika maktaba, yaani zile kodi za kuazima. Ni kama kurekebisha bomba katika ploti za huku: ukifunga linalovuja chini, linapasuka la juu. Nikautupa mradi wa binamu, nikaanza upya. Binamu bado ananiandikia: "Kwangu inafanya kazi." Basi nihamie kwako!

Na kwa kuwa umemsikia huyo Gradle, acha nimseme. Gradle ndiye msimamizi wa ujenzi upande wa Android. Ukimwamrisha mara ya kwanza, hutulia, anaonyesha kialama kinazunguka, hasemi lolote. Kumbe yuko mtandaoni anapakua mamia ya megabaiti kwa bando lako. Mama mboga wa hapa getini alikuja kunidai mia mbili za sukuma, akasimama nyuma yangu dakika tano nzima akitazama.

"Na hii ndiyo kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kutazama hicho kitu kikizunguka?"

"Kikiacha kuzunguka ndipo kazi inaanza."

Akanitazama kama anavyotazama nyanya iliyobonyea. Kialama kikafika pale pa mwisho, kisha tokeni za stima zikaisha, pi! Nyumba nzima giza. Betri ya dakika ishirini haikuwa na dakika hata moja.

Huyu Gradle pia hufuga pepo. Akimaliza kujenga haondoki, anaacha kivuli chake kinanyemelea ndani ya RAM, eti kazi ijayo iwe ya haraka. Jina lake la kitaalamu ni daemon, msinilazimishe kutafsiri. Hukaa hapo muda wa saa tatu bila kuguswa kabla ya kufa mwenyewe, na ukibadilisha Java, wa zamani hamtambui mpya, anaitwa mwingine. Mimi nilikuwa na watatu. Pepo watatu ndani ya GB 8, pamoja na kivinjari, pamoja na Android Studio. Nilipojaribu kuwasha emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, feni ililia kama mashine ya kusaga unga, na paka wa keateka wa ploti, aliyezoea kulalia chaja yangu kwa joto, akaamka akaondoka. Paka!

Nikaamua kutumia simu halisi, ya kwangu. Hapo ndipo mambo yanatoka kwa daktari yanaenda kwa mganga. Maana simu ya Android haikubali kuchezewa mpaka uingie kwenye mipangilio, utafute namba ya toleo, uigonge mara saba. Si sita. Saba. Ukifika ya tatu inaanza kukuhesabia zilizobaki. Nikagonga, simu ikanipongeza kwamba sasa mimi ni mwunda programu. Miaka minne ya chuo na hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia hivyo waziwazi.

Nimeshatambuliwa, nikachomeka waya. Simu inachaji vizuri. Kompyuta inasema hakuna simu. Nikachomoa, nikachomeka. Nikawasha upya vyote viwili. Nikaingia kwenye dereva, ile programu ya kuikutanisha simu na kompyuta, nikasakinisha, nikafuta, Jumanne ikaisha, Jumatano ikaingia. Kumbe ni waya. Niliununua shilingi mia kwenye matatu pale Githurai, nao ni wa kuchaji tu. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani: mbili za moto, mbili za maneno. Aliyetengeneza wangu alizibania zile za maneno. Nilipouazima wa soja wa getini, simu ikaonekana papo hapo. Soja akauliza nimefanya nini siku mbili hizo, nikamwambia nilikuwa nafanya utafiti.

Ukiunda mradi mpya wa Flutter, unakupa apu ya mfano. Ni skrini nyeupe, namba katikati, na kitufe cha kujumlisha chini. Ukibonyeza, sifuri inakuwa moja, moja inakuwa mbili. Basi. Nilipoiona kwenye simu yangu Alhamisi usiku nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Ikabaki iPhone. Apu ya iPhone hujengwa kwa programu ya Apple iitwayo Xcode, na Xcode hukaa kwenye Mac, kompyuta ya Apple, peke yake, kwa hiyo nikarudi kwa binamu Kilimani na uso wangu mkavu. Mac yake ni ya umri. Simu ya Shangazi nayo ilikuwa imejisasisha usiku. Xcode ya binamu haikuijua simu mpya hivyo. Xcode mpya haikutaka mfumo wa zamani wa Mac. Ijumaa usiku mzima tukapakua mfumo, kisha Xcode, gigabaiti juu ya gigabaiti, tukila mkate mkavu.

Jumamosi Shangazi akaja mwenyewe, maana namba ya siri ya simu hasemi kwa mtu. Tangu mfumo wa iPhone uitwao iOS 16, simu lazima iwekwe katika hali ya wanaounda programu, izimwe, iwashwe, iulize namba ya siri. Pia iulize kama unaiamini kompyuta hii, na namba ya siri tena. Kila ikiuliza, Shangazi alijifunika leso kichwa na simu, akabonyeza humo ndani, akatoka jasho linamtiririka. Mara ya nne akauliza kama hii apu ni ya chama au ya polisi.

Akaunti ya Apple ya kulipia ni dola 99 kwa mwaka. Kwa elfu tano ya Shangazi? Nikatumia ya bure, ambayo apu yake hufa baada ya siku saba, hapo nayo saba. Nikaijenga kamili, maana ile ya majaribio haifunguki kwenye iPhone bila kushikiliwa na waya. Ikaingia. Ikafunguka. Skrini nyeupe, sifuri, kitufe.

Nilitaka kumweleza kwamba hii ni ya kupima njia tu, kazi yenyewe inaanza sasa. Lakini alikuwa ameshabonyeza.

"Inahesabu!" akasema. Akabonyeza tena. "Wewe mtoto wa kaka yangu, inahesabu!" Mawingu yalikuwa yanakusanyika, na mvua ikianza nauli ya Thika Road hupanda. Akaitupia simu mkobani, akaenda.

Jumapili saa tisa nilimkuta ameketi katikati, akina mama wamemzunguka. Kila mmoja alisimama, akaweka elfu yake mezani, Shangazi akabonyeza, wote wakapiga makofi. Kumi na saba. Lile daftari la chai nililiona chini ya sufuria ya pilau, limeshapewa kazi nyingine. Nikaletewa sahani. Mwenyekiti akaniita injinia. Nikanyamaza, ningefanya nini?

Shangazi akafunga apu, akaisukuma juu kama binti yake alivyomfundisha, eti inaokoa chaji. Kisha jirani yake, aliyechelewa kuona, akaomba aonyeshwe. Shangazi akaifungua.

Sifuri.

Akaitikisa simu. Sifuri. Chumba kikawa kimya hata kijiko hakikusikika.

"Zile kumi na saba zetu," akasema polepole, "zimeenda wapi?"

Nikameza pilau, nikaanza kueleza kwamba namba ilikuwa kwenye memori tu, haikuandikwa popote, na kwamba pesa zenyewe ziko pale mezani zinaonekana. Nilipofika kwenye neno memori, mwenyekiti aliinuka, akaenda akafunga mlango.