Hisa ya Safaricom: mstari wa chati au hesabu ya mgao?

Desemba 2023 hisa moja ya Safaricom ilikuwa haifiki shilingi 14 katika Soko la Hisa la Nairobi. Katikati ya 2021 watu walikuwa wakiinunua kwa zaidi ya 40, na kilele chake kilikaribia 45. Kampuni ni ile ile, M-Pesa ni ile ile, na wakala wa mtaani kwetu alikuwa bado na foleni hadi saa tatu usiku.

Wiki hiyo niliwakuta majirani wangu wawili kwenye kibanda cha chai wakibishana juu ya bei hiyo. Mmoja ni mwalimu mstaafu aliyekuwa amepokea laki mbili zake za chama. Mwingine ni kijana wa programu za kompyuta, na simu yake ilikuwa mezani ikionyesha chati: mstari mwekundu unaoteremka miaka miwili mfululizo, na juu yake mstari wa buluu, wastani wa bei wa siku 200.

"Mwalimu, bei ikiwa chini ya huu wa buluu, usiguse. Ngoja iuvuke kwanza."

"Na ikiuvuka nitanunua bei gani, mwanangu? Si ya juu kuliko ya leo?"

Mwalimu alikuwa ameuliza swali gumu kuliko alivyodhani. Lakini tuanze na kijana, kwa sababu watu wengi humcheka mtu wa chati kana kwamba anapiga ramli.

Aliyenunua kwa 30 mwaka 2022 kwa hoja kwamba "imeshashuka vya kutosha" aliiona 20, kisha akaiona 13. Chati ilikuwa ikimwonya muda wote. Na kuna sababu ya mteremko wa Nairobi kudumu hivyo. Sehemu kubwa ya hisa za Safaricom zilizokuwa zikiuzwa na kununuliwa sokoni ilikuwa mikononi mwa mifuko ya uwekezaji ya nje. Benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022, mifuko hiyo ilitaka kurudi nyumbani, huku shilingi yetu ikidhoofika na dola zikiadimika. Juu ya hayo, mtandao mpya wa Ethiopia, uliozinduliwa Oktoba 2022, ulikuwa ukimeza pesa. Mfuko wenye mamilioni ya hisa hauwezi kuziuza zote kwa siku moja hapa, maana wanunuzi wa kutosha hawapo na bei hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kwa hiyo unauza leo kidogo, kesho kidogo, miezi na miezi. Mstari mwekundu wa kijana ulikuwa unasema jambo la kweli kabisa: wauzaji hawajamaliza.

Udhaifu wake uko kwingine. Mbinu hizi zimetoka kwenye masoko ambako hisa hubadilisha mikono kila sekunde. Nairobi ukiondoa Safaricom na mabenki makubwa machache, kuna kampuni zinazomaliza siku bila kuuzwa hisa zake hata moja. Dar es Salaam hali hiyo ilionekana wazi zaidi: hisa ya benki ya NMB ilikaa shilingi 2,750 za Tanzania muda mrefu mno miaka ya 2017 na 2018, na ungeichora chati yake ungepata uzi ulionyooka. Mtu angedhani ni utulivu, kumbe biashara yenyewe ilikuwa haba. Halafu kuna gharama. Ukijumlisha ada ya dalali na tozo nyingine, kununua kunakula kiasi cha asilimia 2, na kuuza vilevile. Anayeingia na kutoka kila mstari unapovukana na mwingine anamfanyia kazi dalali wake. Mwaka 2024 bei ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mfuasi mtiifu wa chati angelipa ada hizo zaidi ya mara moja.

Mwalimu yeye anatazama mgao, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Kwa mwaka ulioishia Machi 2023 Safaricom ilitoa shilingi 1.20 kwa hisa. Ukinunua kwa 13, hiyo ni zaidi ya asilimia 9 kwa mwaka kabla ya kodi ya asilimia 5. Aliyenunua kwa 40 mwaka 2021, mgao ukiwa 1.37, alikuwa akipata kama asilimia 3.4. Mgao ulikuwa umepungua kidogo tu na bei ilikuwa imeanguka kwa theluthi mbili. Hesabu hii inafanyika nyuma ya risiti, na napenda kwamba haihitaji kutabiri chochote.

Ila Mwalimu ana kawaida ya kuitoka hesabu hiyo na kuhamia kwenye subira: nunua, weka, sahau. Hapo simfuati. Yeye mwenyewe alikopa benki mwaka 2008 serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, waombaji wadogo wakapewa kipande tu cha walichotaka. Siku ya kwanza sokoni, Juni 9, bei ilipita 7. Mapema 2009 ilikuwa chini ya 3, na mwishoni mwa 2011 bado ilikuwa inazungukia hapo, huku riba ya mkopo wake haijui subira. Na hiyo ni hisa iliyokuja kufufuka. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, iliuzwa kwa 11.90 mwaka 2006 na kufika karibu 40 siku ya kwanza sokoni. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2. Walioshika hisa za kampuni ya sukari ya Mumias na kusahau, siku walipokumbuka biashara ya hisa hizo ilikuwa imesimamishwa.

Kwenye kile kibanda hakuna aliyeitaja namba ambayo kwangu ndiyo ya kwanza: serikali inawalipa ngapi wanaoikopesha? Mapema 2024 dhamana za serikali za siku 91, yaani mkopo wa muda mfupi, zilikuwa zinatoa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka, na hatifungani ya miundombinu ya Februari, yaani mkopo wa miaka kadhaa, ilitoa 18.46 bila kodi. Mgao wa asilimia 9 unang'aa ukiwa peke yake; ukiuweka kando ya 18 unaonekana mdogo. Ndiyo maana wenyeji nao hawakuwa na haraka ya kuziokota hisa walizokuwa wakizitupa wageni. Wakati wa kununua katika soko letu, nionavyo, hutegemea mno riba inapogeuka. Na mgeuko huo haukufichwa. Shilingi, iliyokuwa imepita 160 kwa dola Januari 2024, ilirudi hadi karibu 130. Agosti Benki Kuu ya Kenya ikapunguza riba yake kutoka 13 hadi 12.75, ikaendelea kukata mkutano baada ya mkutano. Aliyengoja mpaka tangazo la Agosti lisomwe redioni bado aliikuta Safaricom chini ya 20. Hakuiwahi bei ya chini kabisa, na hakuhitaji kuiwahi.

Najua hesabu yangu nayo ina tundu. Aliyekimbilia hatifungani Februari 2024 alikuwa na hoja safi kuliko wote, na laki moja yake ilikuwa ikimletea kama 18,460 kwa mwaka. Laki hiyo hiyo ikinunua Safaricom kwa 14 ilikuwa imepita 175,000 Agosti 2025, mgao kando. Tofauti ni kwamba wa hatifungani alilala usingizi miezi yote hiyo.

Mwalimu alinunua kwa nusu ya pesa zake wiki ile ya chai, nusu nyingine akaipeleka kwenye dhamana za serikali. Kijana alingoja, akaingia baadaye kwa bei ya juu zaidi, na yuko kwenye faida. Nilipowakuta Agosti 2025 bei ilikuwa imevuka 25. Kwa bei hiyo 1.20 haifiki asilimia 5, na dhamana za siku 91 zilikuwa zinalipa kama 8, kwa hiyo kalamu ya Mwalimu ilikuwa inamwambia apunguze. Nikamuuliza kama ameuza. Akasema mgao wa Agosti bado haujaingia kwenye simu, uingie kwanza.