Faida si kosa kwa asasi, kosa ni kugawana

Kila Desemba mambo ni yale yale katika asasi nyingi zisizo za kiserikali za Tanzania Bara. Mhasibu anaona akaunti ya ukumbi ambao asasi hukodisha ina milioni nne, bodi inashtuka, na ndani ya wiki mbili fulana zimechapishwa, semina imefanyika hotelini na pesa imekwisha. Ukiuliza, unaambiwa asasi hairuhusiwi kubaki na faida.

Si kweli. Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, inazungumzia asasi zisizogawana faida. Kinachokatazwa ni ziada kuingia mifukoni mwa wanachama, waanzilishi au wajumbe wa bodi. Na kugawana kuna sura nyingi: zabuni ya chakula kupewa ndugu wa mkurugenzi kwa bei ya juu, au "posho ya shukrani" ya mwisho wa mwaka, ni kugawana tu, hata kukiwa na stakabadhi.

Woga wa kodi, huo ninauelewa. Cheti cha usajili wa asasi si msamaha wa kodi, na hapa wengi huumia. Ili asasi ihesabiwe na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuwa ya hisani, lazima iombe uamuzi wa Kamishna chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Bila uamuzi huo, ziada inatozwa asilimia 30 kama ya kampuni. Ikiwa nao, asasi inaruhusiwa kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi fedha ilizotumia kwa malengo yake ya hisani, pamoja na asilimia 25 ya mapato ya shughuli hizo na vitega uchumi. Mnataka kuweka akiba ya kujenga zahanati? Andikeni mradi wenye michoro, bajeti na muhtasari wa kikao cha bodi, kisha mwombeni Kamishna aikubali akiba hiyo. Fanyeni hivyo kabla mwaka haujafungwa. Fulana hazina haja.

Tatizo jingine ni bei. Tuseme ukumbi una viti 150 vya shilingi 30,000 kila kimoja: hiyo ni milioni 4.5. Vikidumu miaka mitano, uchakavu ni 75,000 kwa mwezi. Ukikodishwa mara sita kwa mwezi, kila mteja anapaswa kubeba 12,500 ya viti peke yake, kabla ya umeme, mlinzi, usafi na muda wa mhasibu. Asasi nyingi huhesabu umeme na usafi tu, zikadhani zinapata faida, kumbe zinakula viti vyao. Na mshahara wa mhasibu ukilipwa wote na mfadhili huku nusu ya siku anaandika risiti za ukumbi, mkaguzi anaweza kudai sehemu hiyo irudishwe. Tumieni fomu za muda wa kazi, zinazoonyesha saa zake zimetumika wapi. Someni pia mkataba wa ruzuku kabla ya kukodisha gari la mradi, maana mara nyingi mapato yake ni mali ya mradi.

Biashara ikikua na kukaribia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, kiwango cha kusajiliwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), mimi ningeitenga iwe kampuni ambayo hisa zake ni za asasi. Iwe na akaunti yake, wakurugenzi ambao si bodi ile ile nzima, na mkataba wa pango ulioandikwa. Ikitumia jengo la asasi bure, ni fedha za hisani zinazobeba biashara.